MIZANI YA NYUMBA
Haki ya mwanachama kuuliza na kupinga kadirio la kodi ya nyumba yake

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri ya Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka 10)



Miaka 10 ni umri mdogo kwa mtu, lakini kwa chama cha wakulima si haba, kwani wako waliotuambia siku ya kwanza kwamba hatutafika miaka miwili. Wenzetu waliotangulia kusema wameeleza kwa ufasaha habari za maghala, za bei ya kahawa na za mikopo ya pembejeo. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaona haliko mahali pake katika sherehe ya wakulima. Jambo lenyewe ni kodi ya nyumba, na haki aliyo nayo mwenye nyumba ya kuuliza, na ikibidi kupinga, kadirio la kodi hiyo.

Mtu aweza kusema: kodi ya nyumba yahusu nini na kahawa? Twamjibu kwamba yahusu sana. Fedha ya kahawa haikai mkononi mwa mkulima. Huenda shuleni, huenda hospitali, na inayobaki hugeuka tofali. Wengi wetu tulianza kwa kujenga kijijini. Kisha, mavuno yalipokuwa mema, tukajenga vyumba viwili vitatu mjini vya kupangisha, ili uzeeni, mikono itakapochoka kushika jembe, nyumba itulishe. Nyumba hiyo ndiyo ghala la jasho letu. Ikitozwa kodi iliyo halali, twalipa kwa moyo mweupe, maana barabara ya kupitisha mazao, soko na zahanati havijengwi kwa maneno. Lakini ikitozwa kuliko haki, basi jasho la miaka mingi lavuja polepole kama gunia lililotobolewa na panya, na mwenyewe hana habari.

Tena iko sababu ya pili ya kulisema jambo hili hapa. Ushirika katika nchi yetu ulikua kando ya mizani. Mapema katika miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, wakiongozwa na watu kama marehemu Paul Bomani, waliweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani za wanunuzi, ili mkulima asipunjwe. Katika hatua kama hizo vyama vyao vilipata nguvu, hata mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Angalieni, ndugu zetu, jambo walilolitaka watu wale. Hawakusema, “Hatutauza pamba.” Walisema, “Twataka kuiona mizani.” Neno hilo ndilo msingi wa hotuba yetu leo. Mwenye nyumba anayepinga kadirio hasemi, “Sitalipa kodi.” Asema, “Nionyesheni mizani mliyoipimia nyumba yangu.”

Sasa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kodi ya nyumba ina kiwango, na ina kadirio. Kiwango ni ile sehemu ambayo sheria imeamua kila mtu atoe, kama bei ya kilo moja inavyokuwa moja kwa wote. Kadirio ni uzito wenyewe: yaani nyumba hii ni ya aina gani, ina ukubwa gani, ina thamani gani, na mwenyewe ni nani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 138, yasema kwamba hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria. Basi mwenye kuona kiwango ni kikubwa, mahali pake ni kwa diwani wake, kwa mbunge wake na katika sanduku la kura. Bali kadirio ni jambo la nyumba moja na mtu mmoja, nalo laweza kupingwa na mtu huyo mmoja kwa jina lake mwenyewe. Wengi wameshindwa katika mashauri yao kwa sababu hii tu: walikwenda mbele ya wakadiriaji wakalalamikia kiwango, nao wakadiriaji hawana uwezo wa kukibadili.

Ndugu Wanachama, kadirio lina historia ndefu katika nchi hii. Serikali ya Wadachi ilipoanza kutoza kodi ya vibanda mwaka 1898, hapakuwa na hesabu nyingi: kibanda cha mkulima kilitozwa rupia 3, kiwe kizuri au kibovu, cha tajiri au cha maskini. Mizani ile ilikuwa nyepesi kusomeka, lakini haikutazama hali ya mtu. Ndipo baadaye, wakati wa Waingereza, katika nchi ya Upare, ikajaribiwa njia nyingine. Katika miaka ya vita kuu ya pili watawala wa wenyeji waliweka kodi iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Wapare waliiita mbiru. Kwa kusikia tu, mtu aweza kusema kwamba hiyo ni haki zaidi, kwa kuwa mwenye nacho atatoa zaidi. Lakini ni nani aliyehesabu mali? Kwa kipimo gani? Na aliyeona kaonewa, angemwendea nani? Maswali hayo hayakuwa na jibu lililowaridhisha watu.

Mwezi wa Januari 1945, maelfu ya Wapare walishuka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakidai kusikilizwa. Baadaye wanawake nao wakaingia katika madai hayo kwa nguvu zao wenyewe. Mwanahistoria wetu Profesa Isaria Kimambo aliyaandika mambo hayo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1971. Jambo la kukumbukwa ni hili: watu wale hawakukataa kuchangia maendeleo yao, walichokikataa ni namna ya kukadiriwa. Nao hawakurudi nyuma mpaka mtindo ule ulipoachwa. Somo lake ni kwamba kadirio lisilo na mlango wa kuuliza huwatoa watu majumbani mwao. Na kadirio lenye mlango uliofunguliwa vema huwaacha watu wakafanye kazi zao kwa amani. Mlango wa rufaa, basi, hauwafai raia peke yao. Wawafaa watawala vilevile.

Tuje sasa katika hali ya leo. Sheria ya kodi ya majengo ya mamlaka za miji ilitungwa mwaka 1983. Kodi hiyo ni juu ya jengo, si juu ya ardhi, kwa kuwa ardhi yetu ni ya umma. Mthamini akitumia njia ya gharama, hukadiria ingegharimu kiasi gani kulijenga jengo lile upya, kisha hupunguza uchakavu. Lakini kuyathamini majengo yote ya nchi ni kazi kubwa, na majengo mengi hayakuwahi kufikiwa. Kwa sababu hiyo vikawekwa viwango vya mkupuo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo imekatwa kidogo kidogo mtu anaponunua umeme wa LUKU: kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa; na mwaka 2023 viwango hivyo vikapandishwa kuwa shilingi 1,500 na shilingi 7,500. Kwa mwaka mzima ni shilingi 18,000 na shilingi 90,000.

Hapa mtu atauliza: ikiwa nyumba zote za kawaida zatozwa sawa, iko wapi nafasi ya kupinga? Nafasi ipo, tena ni pana. Mizani ya mkupuo haikosei thamani, bali yaweza kukosea mambo mengine, nayo twayataja moja moja.

La kwanza ni hesabu ya mita. Nyumba moja yenye wapangaji watatu yaweza kuwa na mita tatu. Sheria yataka nyumba moja itozwe mara moja. Lakini mashine haijui kwamba mita tatu ziko chini ya paa moja mpaka mtu aiambie. Asiyesema, nyumba yake moja yaweza kuhesabiwa kuwa tatu.

La pili ni aina ya jengo. Nyumba ya kawaida ikiandikwa kuwa ya ghorofa, tofauti yake kwa mwaka ni shilingi 72,000. Mkulima na apige hesabu mwenyewe, hizo ni kilo ngapi za kahawa.

La tatu ni mwenye kulipa. Kodi hii ni ya mwenye nyumba, lakini hukatwa kwa yule anayenunua umeme, ambaye mara nyingi ni mpangaji. Katika hili wako wanachama walio upande wa wenye nyumba na wako walio upande wa wapangaji. Twasema kwa wote: mpangaji na aweke kumbukumbu ya makato, na mwenye nyumba ampunguzie katika pango bila ugomvi. Hakuna sababu ya jambo hilo kuwapeleka watu barazani.

La nne ni misamaha. Sheria imewafikiria wazee waliotimiza miaka 60 na watu wenye ulemavu wasio na kipato, kwa nyumba moja wanayokaa wenyewe. Lakini msamaha haumfuati mtu nyumbani. Ni lazima auombe, akiwa na kitambulisho chenye kuonyesha umri wake na barua ya serikali ya mtaa yenye kuthibitisha kwamba nyumba ndiyo anayoishi. Katika mabaraza ya vyama vyetu vya msingi tumewaona wazee wengi wenye haki hiyo ambao hawakupata kuisikia.

La tano, nalo ndilo lituumizalo zaidi, ni jina. Nyumba nyingi zimeandikwa bado kwa jina la marehemu. Mjane anakaa ndani, anapangisha, analea watoto. Lakini daftari lamjua mumewe aliyezikwa miaka 8 iliyopita. Barua ikija, yaja kwa jina la marehemu. Siku za kupinga zikianza kuhesabiwa, zahesabiwa juu ya mtu asiyeweza kujibu. Na mjane akienda ofisini huulizwa, “Wewe ni nani katika nyumba hii?” Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Hatua ya kwanza ya mjane katika kupinga kadirio lolote ni kufungua mirathi na kuliweka jina sawasawa.

Bwana Mwenyekiti, twaomba ruhusa tutoke kidogo nje ya mipaka, maana viwango vya mkupuo si vya milele. Nchi inapopata wathamini wa kutosha, hurudi katika kuthamini nyumba moja moja. Na siku hiyo ikifika, afadhali itukute tumejifunza kwa wenzetu.

Kwa jirani zetu wa Kenya, kodi ya namna hii imekuwa hasa juu ya thamani ya ardhi bila jengo. Kwa miaka mingi, hadi Bunge lao lilipopitisha sheria mpya mwaka 2024, utaratibu ulikuwa hivi: mthamini huandaa daftari la thamani za viwanja vyote, daftari huwekwa wazi, na tangazo hutolewa, tangu tangazo hilo, mwenye kiwanja alikuwa na siku 28 za kupeleka pingamizi kwa maandishi. Pingamizi lilisikilizwa na mahakama maalumu ya uthamini, na asiyeridhika aliweza kwenda Mahakama Kuu. Mlango ulikuwa mzuri, lakini tazameni ugumu wake. Jiji la Nairobi lilitumia daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa muda wa takriban miaka 40. Mtu aliyezaliwa siku daftari lile lilipoandikwa amekuwa mzazi, pengine babu, kabla halijabadilishwa. Katika muda kama huo watu husahau hata kwamba pingamizi ni haki. Kisha daftari jipya likaja, na siku 28 ni chache mno kwa kujifunza upya.

Somo lililo kali zaidi latoka Marekani, ambako kodi ya nyumba hufuata bei yake sokoni. Katika jiji la Detroit, jimbo la Michigan, Katiba ya jimbo yaamuru kwamba kadirio la nyumba kwa ajili ya kodi lisizidi nusu ya thamani yake sokoni. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, bei za nyumba zilianguka vibaya, lakini makadirio hayakushuka kwa kadiri iliyopasa. Gazeti la The Detroit News lilipofanya hesabu mwaka 2020, liliona kwamba kati ya miaka 2010 na 2016 wenye nyumba walitozwa zaidi ya haki kwa jumla ya dola milioni 600 au zaidi. Waliozidishiwa sana ni wenye nyumba za bei ndogo kabisa. Maelfu ya nyumba zilitwaliwa kwa madeni ya kodi. Mlango wa rufaa ulikuwapo miaka yote hiyo. Lakini hatua yake ya kwanza ilikuwa na siku chache tu za mwezi wa Februari, na wengi hawakujua, au walijua zimekwisha kupita.

Na huko Chicago, gazeti la Chicago Tribune lilichunguza makadirio mwaka 2017 likaona jambo linalofanana na hilo: nyumba za wanyonge zilikadiriwa juu kuliko thamani yake, na nyumba za matajiri chini yake. Sasa sikilizeni vema, ndugu zetu. Huko rufaa zilikuwa wazi kwa wote, tena zilikatwa nyingi sana kila mwaka. Je, ziliondoa ile tofauti? Hazikuiondoa, bali ziliiongeza; kwa sababu waliokata rufaa kwa wingi ni matajiri wenye mawakili, wakashushiwa makadirio yaliyokuwa chini tangu mwanzo. Maskini alikaa nyumbani, akalipa.

Ndugu Wanachama, hapo ndipo hasa penye kiini cha maneno yetu. Haki iliyoandikwa kwa wote, ikitumiwa na wachache, yageuka kuwa mzigo kwa walio wengi. Mlango ukiwa wazi na mtu akawa hajui ulipo, au anaogopa kuingia, au hana nauli ya kuufikia, ni sawa na kuwa umefungwa. Mkulima mmoja hana wakili. Lakini wakulima elfu wenye chama wanaye. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi mwanachama atapingaje kadirio ili asikilizwe? Sisi twaona yampasa ajiulize maswali manne.

Swali la kwanza: Je, kilichopimwa ndicho nilicho nacho? Aombe kuona maelezo ya nyumba yake kama yalivyoandikwa, kisha achukue futi kamba na kijana wake wa shule, wapime kuta kwa nje. Nyumba ya mita 9 kwa mita 8 ina mita za mraba 72. Ikiwa karani aliandika 18 badala ya 8, daftari litaonyesha mita za mraba 162, yaani zaidi ya mara mbili. Aangalie pia kama banda la kuku halikuandikwa kuwa nyumba, na kama kuta za udongo hazikuandikwa kuwa za matofali ya saruji. Kosa la namna hii ndilo jepesi kuliko yote kusahihishwa, kwa sababu halihitaji ubishi. Futi kamba haina upande.

Swali la pili: Je, thamani iliyowekwa ni ya kweli? Hapa maneno matupu hayavunji mfupa. Yatakiwa ushahidi: bei ya nyumba nyingine za aina ile zilizouzwa karibu na tarehe ya uthamini, picha za nyufa na za paa lililooza, au maandishi ya mthamini aliyesajiliwa. Na akumbuke kwamba kinachotazamwa ni hali ya nyumba siku ya uthamini. Dari iliyobomoka baadaye haisaidii.

Swali la tatu: Je, nimepimwa kama jirani yangu? Nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja, mwaka mmoja, mtaa mmoja, zikiwa na makadirio mawili tofauti, moja kati ya hayo lina kasoro. Asiseme, “Mpandisheni jirani.” Aseme, “Nipimeni kwa mizani ileile.”

Swali la nne: Je, uko msamaha ninaostahili? Hili tumekwisha kulieleza.

Akiisha kupata majibu, aandike barua fupi. Ndani yake ataje jina lake, namba ya kiwanja au ya nyumba, namba ya mita, tarehe ya taarifa aliyoipata, kosa analoliona, na sahihisho analoliomba. Aambatanishe nakala za ushahidi, si hati zenyewe. Apeleke barua hiyo ofisi iliyomtumia taarifa, na asitoke mpaka nakala yake imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ni sawa na stakabadhi ya ghalani: bila huo, kilo zako ni hadithi tu.

Yako na mambo ambayo twawaonya wanachama. Wasizipuuze siku. Taarifa yenyewe huonyesha siku za mwisho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na shauri lenye haki likichelewa hufa kabla ya kusikilizwa. Wasiache kulipa sehemu wasiyoibishia, maana katika nchi nyingi rufaa haisimamishi kodi, na faini huendelea kukua wakati shauri limelala. Wasipeleke malalamiko yasiyo na mahali: kusema kwamba barabara ni mbovu, au kwamba kahawa imeshuka bei, ni kusema kweli, lakini ukweli huo hausahihishi kadirio. Wasitoe kitu chini ya meza. Anayenunua kadirio la chini leo ameweka shingo yake mikononi mwa mtu atakayerudi mwakani. Na wajue kwamba daftari likifunguliwa, hufunguliwa pande zote mbili. Mwenye kuficha ghorofa asiende kulalamikia banda.

Sasa Chama kifanye nini? Halmashauri yetu inapendekeza mambo matatu kwa mkutano huu.

Kwanza, kila chama cha msingi kimteue mwanachama mmoja anayesoma vizuri, mwanamume au mwanamke, awe msomaji wa matangazo ya kodi. Kazi yake ni kutembelea mbao za matangazo za serikali za mitaa na za halmashauri, na kuleta habari siku ya kupokea kahawa, wakati watu wote wapo.

Pili, Chama Kikuu kiweke jalada la nyumba za wanachama wanaopenda, lenye vipimo, picha, nakala ya hati na jina la mrithi. Kwa njia hiyo siku ya uthamini hatutaanza kutafuta karatasi chini ya magodoro. Wajane na yatima watangulizwe katika kazi hii, nao wasaidiwe kufungua mirathi.

Tatu, makosa yanayofanana yapelekwe kwa pamoja. Wanachama 30 wenye mita zaidi ya moja chini ya paa moja wasiende ofisini mara 30. Orodha moja iliyotayarishwa vema, na kiongozi mmoja aliyetumwa, itampunguzia kazi hata ofisa mwenyewe. Tumejifunza hivyo katika kuuza kahawa, na hatuoni kwa nini isiwe hivyo katika haki.

Kwa ninyi Waheshimiwa maofisa mliohudhuria, twasema kwa heshima: msituone wagomvi. Mizani za maghala yetu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, nasi hatujapata kuona ukaguzi huo ni matusi. Mizani iliyokaguliwa humpa heshima mpimaji. Kadhalika mwenye nyumba anayekuja na futi kamba na barua anawaletea daftari lililo sahihi zaidi. Na kodi itokayo katika daftari sahihi hukusanywa bila askari. Tunawaomba mtuwekee taarifa katika Kiswahili kinachoeleweka, mtuonyeshe kadirio lilivyopatikana, na mtupe siku zinazomtosha mtu aliye shamba wakati wa mavuno.

Ndugu Wanachama, miaka 10 iliyopita tulikubaliana kwamba hakuna mtu atakayepima kahawa yetu huku sisi tumegeuza migongo. Nyumba zetu ni kahawa ileile katika umbo la tofali. Tulipe kodi yetu bila kukosa hata senti moja iliyo halali, nasi tuiulize kila senti iliyozidi, kwa adabu, kwa ushahidi na kwa wakati wake.

Mungu aubariki ushirika wetu.